Rais Pimbi na Sheria ya Kisima

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama wa nyika moja walikuwa na bunge lao, na rais wao alikuwa Pimbi. Ndiyo, Pimbi! Msicheke. Wakubwa walimchagua kwa sababu kutwa nzima alikuwa juu ya jiwe akiota jua. "Huyu hatatusumbua," walisema.

Aliyetawala hasa ni Tembo, Waziri Mkuu. Kazi ya Pimbi ilikuwa kufungua bunge, kupokea wageni na kugonga muhuri kwenye sheria, pa! Sheria isiyomridhisha aliweza kuirudisha bungeni mara moja tu, pamoja na swali. Ikipita tena, atake asitake, anagonga.

Ukaja ukame, kikabaki kisima kimoja. Tembo, Kiboko na Kifaru wakapitisha sheria: wakubwa wanywe mpaka watosheke, wadogo wangoje.

"Tungoje nini, matope?" Bi Digidigi alilia. Alimchukua mwanawe, midomo imemkauka, mbio hadi kwa Pimbi. "Mheshimiwa, ichane sheria hii!"

"Siwezi, mama. Nikichana ya kwao leo, kesho rais mwingine atachana yenu."

"Basi tumekwisha!"

"Hatujaisha. Swali langu bado ninalo."

Asubuhi Pimbi akaingia bungeni, akainama kwa adabu.

"Waheshimiwa, sheria yenu nzuri kabisa! Ila mwaijua desturi. Siku sheria ya kisima inapoanza, rais humwita mnywaji wa kwanza kwa jina. Je, nimwite nani?"

"Mimi!" akasema Tembo.

"Wewe?" Kiboko akaruka. "Si utakikausha kwa mkonga mmoja! Majini ni kwangu mimi!"

"Mfff! Nyote nyuma yangu!" Kifaru akakoroma.

Pimbi akapepesa macho kama asiyejua lolote. "Basi nimwite nani, wazee wangu?"

Lo! Pu! Tembo kamsukuma Kiboko. Krah! Kifaru kavunja meza. Kura ya kuipitisha tena sheria ilipoitishwa, Kiboko akapayuka, "Bora sheria ife kuliko Tembo anitangulie!" Kifaru naye vivyo hivyo. Wakapiga kura upande mmoja na wadogo, na sheria ikaanguka chali. Mmezoea kusikia wapiganapo tembo wawili ziumiazo ni nyasi. Siku ile, namshukuru Mungu, nyasi zilipona.

Mwana wa Bi Digidigi akanywa, gu-gu-gu, mpaka tumbo likamjaa. Mama yake akapiga magoti mbele ya Pimbi, machozi yakimtoka.

"Ahsante, baba. Ahsante sana! Wewe ndiye utufaaye. Chukua na uwaziri mkuu, chukua kila kitu, utawale peke yako!"

"Aka!" Pimbi akaruka nyuma. "Mkinipa vyote, siku nikikosea mtamkimbilia nani?"

Basi shikeni hili: madaraka yenye mipaka, yakiwa mikononi mwa mwenye akili, huokoa wengi.

Hadithi yangu imekoma hapo. Mwenye kiu akanywe, na asimsukume mwenzake.