Mji Aliopewa Nguchiro

Hadithi yangu iko mlangoni.
— Ifungulie iingie.
Ina vumbi miguuni.
— Ipe maji inawe.

Hapo kale, kale sana, ukungu ulipokuwa ukikawia kuondoka bondeni, Kanga alilalia mayai tisa katika majani marefu. Habari aliipata kwanza kwa Kobe.

"Mama Kanga, Nguchiro anapita akitega vitendawili. Ukishindwa, unampa mji. Na siku hizi akipewa, harudishi."

"Si mchezo tu, shoga?"

"Ulikuwa mchezo. Mimi nilimpa kisima. Tangu hapo nanywa umande."

Kesho yake Nguchiro akaja. "Kitendawili."

"Tega," Kanga akajibu, maana asiyeitikia huonekana hana adabu.

"Mgeni wangu hujaza bonde zima, akiondoka haachi unyayo."

Kanga akafikiri, akafikiri, akashindwa. Akampa uwanja wake wa kuogea vumbi. Nguchiro akaenda, akaketi, akasema kama desturi inavyotaka: "Nimekwenda, nimefika, nimekula, nimeshiba. Mgeni wangu ni ukungu." Uwanja ukawa wake.

Siku ya pili: "Ng'ombe wangu hulia juu, maziwa humwagika chini." Kanga akashindwa, akatoa kivuli cha mkwaju. Nguchiro akaenda, akaketi, akasema: "Nimefika, nimeshiba. Ni radi na mvua." Kivuli kikawa chake.

Siku ya tatu akaja akijilamba midomo. "Watoto wangu wana nyumba kabla hawajawa na miguu."

Kanga akalisikia jibu likiwa na joto chini ya kifua chake. Lakini akijibu leo, kesho Nguchiro atarudi na kingine. Akasema polepole, "Nimeshindwa."

"Basi nipe mji mkubwa, mtamu. Hapo ulipokaa panatosha."

"Hapa padogo, bwana. Nakupa mji ule, mbingu inapokaa chini. Mawingu huenda huko kutaga."

"Kumbe mawingu hutaga?"

"Umewahi kuyaona yakirudi?"

Nguchiro akatazama. Kule mbali palikuwa pa buluu, laini kama moshi wa asubuhi. Akameza mate. "Naupokea," akasema, akaondoka.

Akatembea, mji ukasogea. Akatembea, mji ukasogea. Akawa mdogo kama punje ya ufuta, kisha hakuonekana. Na desturi ni desturi: asiyefika mjini hasemi jibu, wala hategi kingine.

Asubuhi iliyofuata Kanga alisikiliza. Hakuna aliyeita. Akaenda uwanjani, akaoga vumbi hadi akatosheka, akapumzika kidogo chini ya mkwaju. Kisha akarudi, akayageuza mayai yake, moja baada ya jingine, yote tisa.

Nanyi mnaosikiliza, mchezo ni wa wote. Anayeugeuza kuwa njia ya kunyang'anya wenzake, mchezo huohuo utampeleka mahali asipofika.

Hadithi yangu inasinzia.
— Itandikie ilale.