Nyuki wa Dhakwani

Inasimuliwa kwamba katika milima ya Yemen, zama za waja wema waliotutangulia, aliishi mfuga nyuki akiitwa Dhakwani, Mwenyezi Mungu amrehemu. Riziki haikumjia kwa wepesi. Nzige walikula mtama wake, ukame ukamuulia mbuzi, na katika mizinga yake yote ukabaki mmoja tu wenye nyuki. Hata hivyo alikuwa mtu wa bashasha, na mkewe, Bibi Raihana, mcha Mungu mwenye ulimi mwepesi, alizoea kumwambia kwamba anacheka kama mtu asiyejua bei ya unga.

Asubuhi moja nyuki wale wakatoka wote kwa pamoja, wakahama. Ada ya bonde lile ilikuwa hii: nyuki wakihama hubaki mali ya mwenyewe maadamu anawafuata bila kuwapoteza machoni, akiwapoteza, ni wa yule ambaye watatua kwake. Dhakwani akatoka mbio, uso juu, akijikwaa kwenye mawe. Njiani akasikia kilio. Bibi kizee alikuwa ameteleza mferejini na mzigo wake wa kuni. Akasimama, akamtoa, akamtwisha kuni zake. Alipoinua macho, nyuki hawakuonekana tena.

Akaja kuwakuta kwenye mkunazi wa jirani yake, Harithi. Huyu hakuwa mtu mbaya, ila hakuiacha haki yake impite. Akamuuliza Dhakwani neno moja tu: je, aliwafuata mpaka pale bila kuwapoteza? Shahidi hakuwapo, na "ndiyo" moja ingemrudishia riziki yake yote.

"Wallahi niliwapoteza," akasema Dhakwani. "Ni wako, Mungu akubarikie."

Akarudi nyumbani mikono mitupu. Moyo ulimuuma, tusidanganyane. Waja wema nao wana matumbo. Bibi Raihana alinung'unika mpaka adhuhuri. Dhakwani akauchukua mzinga mtupu, akaukwangua, akaupaka nta, huku akiimba kasida. Mkewe akataka kujua anamtengenezea nani. Akajibu kwamba hajui, ila mgeni hakaribishwi nyumba chafu.

Ikawa ndiyo kazi yake kila baada ya sala ya alfajiri, kisha alikwenda sokoni kubeba mizigo ya watu ili yeye na mkewe wapate unga. Miezi ikapita. Siku moja, baada ya adhuhuri, wakasikia mvumo. Siafu walikuwa wameingia mzinga wa Harithi, na nyuki wakawakimbia. Wakaja kutokea upande ule, wakaingia katika mzinga wa Dhakwani mpaka wa mwisho. Bibi Raihana alilia kwa furaha. Lakini mumewe alikuwa tayari anavaa viatu.

"Unakwenda wapi?" akamuuliza. "Hakuna aliyewafuata. Kwa ada ni wetu, na safari hii hakuna atakayekuuliza."

"Huenda Harithi aliwafuata, akakuta mtu mferejini kama nilivyokuta mimi," akasema Dhakwani. "Sitaki ajutie wema wake."

Akaenda mbio, akabisha hodi, akaeleza yote huku akihema: nyuki wako kwangu, kama uliwafuata ukazuiwa na jambo la kheri, kama mimi siku ile nilipomtoa bibi kizee mferejini, njoo uwachukue. Harithi alikuwa mlangoni, nywele timutimu. Angeweza kusema lolote, na angeaminiwa. Akacheka mpaka akashika kizingiti.

"Mimi sikumtoa mtu mferejini, ndugu yangu," akasema. "Nyuki ni wako. Nilikuwa nimelala."

Ndugu zangu, wengi wetu hukunja uso mpaka riziki irudi, ndipo tukumbuke kushukuru. Dhakwani aliimba kasida juu ya mzinga usio na nyuki hata mmoja. Mola atujaalie sehemu ya furaha ile, na atufanye majirani ambao mtu akiwa mbele yao huona haya kusema uongo.