Gari la Kiboko Lililokaa Kigodani

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa nini, wanangu?
— Pakawa gari zito na barabara mbovu!
Gari la nani?
— La mwenye nguvu!
Na barabara ya nani?
— Ya kila mtu!
Haya, ndiyo maana ilijaa mashimo. Sogeeni, nisikilizeni.

Hapo kale, lakini si kale sana, kwa maana magari yalikwisha kuwapo, Kiboko alikuwa mkubwa wa bonde zima. Kila asubuhi alipanda gari lake jekundu kwenda dimbwini kuoga. Kuitengeneza barabara ilikuwa kazi yake yeye Kiboko. Aliikumbuka kazi hiyo kila gari liliporuka shimoni, na kila lilipotoka shimoni aliisahau. Springi zilikuwa zimechoka, shokapu zimemwaga mafuta, na gari lilikwenda likilia: kwachu-kwachu, kwii! Kwachu-kwachu, kwii!

Kando ya barabara hiyo, chini ya ardhi, aliishi Bi Fuko na watoto wake. Juu ya nyumba yake alikuwa amelima matuta ya viazi vitamu. Viazi vile ndivyo vilivyokuwa chakula chao cha kiangazi, na chakula kingine hawakuwa nacho. Fuko, kama mjuavyo, haoni vizuri. Lakini masikio, alhamdulillahi, anayo.

Asubuhi moja alikuwa akiwapakulia watoto uji. Akasikia kwachu-kwachu, kwii! Siku zote sauti ile hupita kule barabarani. Siku hiyo ilipita juu ya kichwa chake. Tifu! Udongo wa dari ukaangukia uji.

Fuko akatoka nje. Akapapasa. Matuta mawili ya pembeni yalikuwa yamegeuka chapati, na gari limesimama hapo hapo, linapumua.

"Shikamoo, Mzee Kiboko."

"Marahaba. Nani huyo? Simwoni."

"Ni mimi, Fuko. Niko huku chini, karibu na gurudumu lako."

"Ah, Fuko! Umeamkaje?"

"Nimeamka salama, Mzee, mpaka ulipopita darini."

Kiboko akacheka, ho, ho, ho! "Usinilaumu, bibi wee. Barabara inanivunja kiuno, na shamba lako ni laini kama godoro. Tena leo nimepita pembeni tu. Kesho nakwenda kwa Fundi Ngedere, aniwekee springi ndefu, gari liinuke. Nikirudi nitakata katikati ya shamba, moja kwa moja mpaka dimbwini."

Fuko akawaza. Katikati ndiko viazi vilikozaa. Amlilie Kiboko? Hiyo ni kumpigia mbuzi gitaa. Amkataze? Nani bondeni aliyewahi kumkataza Kiboko, naye leo yuko wapi? Fuko akainamisha kichwa.

"Hongera, Mzee. Niruhusu nikusindikize, nikupigie makofi."

Kiboko alipenda makofi kuliko majani mabichi. "Njoo," akasema.

Kesho yake walimkuta Fundi Ngedere ananing'inia kwa mkono mmoja tawini mwa mti wa gereji yake, spana katika mkono wa pili. Akashuka, akazipanga springi chini.

"Hizi ndefu, Mzee, zinainua gari, unapita popote. Hizi nene hazibonyei, ni za kubebea mizigo. Hizi fupi zinashusha gari, linalala chini kama mjusi. Lakini hizo ni za barabara ya lami, na bonde letu lami huisikia tu."

Kiboko akazichagua springi kama achaguavyo godoro: alizikalia. Akakalia nene. "Aa! Hii inachoma!" Akakalia ndefu. Bonyee, bonyee. "Hii ndiyo."

"Umechagua vizuri," akasema Ngedere, akaingia kazini. Gonga-gonga, kaza-kaza. Gari likainuka juu, tumbo lake lote nje. Wanyama waliokuwa wakipita wakasimama kutazama.

Kiboko akaenda kupanda. Akainua mguu mmoja, haukufika. Akainua mwingine, haukufika. Miguu ya Kiboko, wanangu, mnaijua.

"Nisukumeni!"

Ngedere akamsukuma kwa nyuma. Hee-e! Kiboko akapanda nusu. Hee-e! Akateleza, puu! Akakaa chini vumbini.

Fuko akasogea taratibu mpaka sikioni mwake. "Mimi sioni vizuri, Mzee, lakini nasikia. Nasikia watu wanacheka."

"Wanacheka nini?"

"Sijui, Mzee. Hebu niambie, kule barazani kwako, nani hukalia kigoda?"

"Mimi."

"Kigoda chenyewe kirefu au kifupi?"

"Kifupi! Umeona wapi kigoda kirefu?"

"Na wanaosimama ni akina nani?"

"Watumishi."

"Ahaa," akasema Fuko.

Kiboko akalitazama gari lake, limesimama wima. Akalitazama tena.

"Mzee, usimsikilize," Ngedere akaingilia. "Huyu hana hata baiskeli!"

"Kweli sina," akasema Fuko kwa upole. "Asiye na gari atakuwa na sababu gani ya kudanganya?"

"Lakini Mzee, springi fupi na mashimo yetu—"

"Fundi," Kiboko akauliza, "hapo ulipo, umekaa au umesimama?"

"Nimesimama, Mzee."

"Basi nyamaza. Weka fupi."

Ngedere akazitoa ndefu, akaweka fupi. Gonga-gonga, kaza-kaza. Gari likashuka, likashuka, likakaa. Kiboko akaingia kama anayekanyaga mkeka. Fuko akapiga makofi, na wote wakapiga makofi. Kiboko akatoa kichwa dirishani.

"Sikilizeni nyote! Gari la mkubwa hukaa. Gari lililosimama ni la mtumishi!"

"Ndiyooo!" wakaitikia.

Wakarudi, na njia ya kule ilikuwa tambarare mpaka ukingo wa shamba. "Shuka, Fuko, nipite," akasema Kiboko, akaingiza gari katikati ya viazi. Vruuu! Kraaa! Tuta la kwanza likaingia chini ya tumbo la gari. Gari likapanda juu yake, likanasa. Magurudumu yakazunguka hewani, vruu, vruu, kama mende aliyelala chali. Tuta hilo lilikufa, Fuko akalihesabu kuwa sadaka. La pili halikuguswa.

Nyati akaitwa, akalivuta gari nyuma mpaka barabarani. Kiboko akajaribu barabara. Kraaa! Shimo la kwanza tu.

Basi Kiboko akainama, akanong'ona: "Fuko. Nikirudisha zile ndefu?"

"Rudisha, Mzee. Gari si lako? Sijui tu tutawaambia nini wale waliopiga makofi."

Kiboko akainua kichwa, akawageukia panya waliokusanyika kando ya barabara. "Hapana. Gari limekaa, limekaa. Fukieni mashimo! Nyinyi wadogo, leo hii!"

"Udongo tutaleta, Mzee, kuchimba ndiyo kazi yangu. Lakini nani ataushindilia? Sisi tukikanyaga, udongo hata haujui kuna mtu amepita. Uzito bonde hili ni mmoja tu."

"Upi?"

"Mimi sioni vizuri, Mzee, lakini nasikia. Ukitembea, sahani zangu zinalia."

Kiboko akajitazama, akaridhika na alichokiona. Fuko akaleta udongo, panya wakaleta kokoto, na Kiboko akashindilia: tii! tii! tii! Jua likamchoma, jasho likamtoka, yeye akaendelea: tii! tii! tii! Hakuoga mpaka barabara ilipofika dimbwini, imenyooka na laini kama mgongo wa samaki.

Siku ya kuifungua alitoa hotuba. "Wananchi wangu," akasema, "sikupata usingizi kwa kuwaza shida zenu." Barabara ikapewa jina lake. Fuko alipiga makofi kuliko wote, kisha akawahi nyumbani kupika.

Kiangazi kikaja. Viazi vikachimbwa, na watoto wakakaa chini wakila, mdomo umejaa.

"Mama," mmoja akauliza, "leo mkubwa hajapita?"

"Amepita, mwanangu."

"Mbona sikusikia kitu?"

"Ndiyo amepita hivyo," akasema Fuko, akamwongezea kiazi.

Sasa funzo, wanangu, na mlishike vizuri. Mkubwa mwema huzijua shida za wadogo kabla hawajafungua kinywa. Na siku mtakapotaka kuchagua springi, msimsumbue fundi aliyezizoea. Mtafuteni asiye na gari, tena asiyeona vizuri.

Hadithi imefika dimbwini, na mimi nashuka hapa. Kama ilikuwa tamu, gawaneni. Kama ilikuwa na mawe, nirudishieni, kuna shimo mbele ya mlango wangu.