Glasi ya Bia ya Mapera

Siku ile mjinga alikuwa Lusweti, wala mwenyewe hakatai. Alikuwa mtu wa masihara; akianza utani wake, hata waliofiwa walisahau matanga. Malava nzima ilimpenda kwa hilo, na hilo ndilo lililomponza.

Beverly, binti aliyesomea kutengeneza bia, alikuwa amefungua kiwanda kidogo kando ya barabara ya Webuye. Jumamosi hiyo akawaalika majirani waje waonje bure. Bia zenyewe zilikuwa za ajabu: hii ya mapera, ile ya karanga, nyingine ya sukari nguru na tangawizi, zote tamu za kulambisha vidole. Lusweti akamvuta jirani yake Hezekiah, mkata miwa, "akatazame tu."

Hezekiah alikuwa ameiacha pombe. Ilikuwa imemtafuna hadi mkewe, Pascalia, akachukua watoto akarudi kwao Butere. Ndipo alipouvunja oluseke wake, ule mrija mrefu wa kunywea pombe ya busaa, mbele ya wazee aliokuwa akinywa nao chungu kimoja, akaapa. Pascalia alirejea kwa sharti moja: akionja tena, anaondoka na harudi.

"Onja hii ya mapera," Lusweti akamhimiza mbele ya watu.

"Nilivunja mrija, ndugu yangu. Unajua."

"Ulivunja mrija, hukuvunja glasi! Jamani, nani ameona mrija hapa?" Watu wakaangua kicheko. "Hii ni juisi iliyoenda shule, bwana. Ama unamwogopanga mama watoto?"

Hezekiah naye akacheka, kicheko cha mtu aliyebanwa ukutani. Akaonja. Ulimi ukakumbuka ulichosahaulishwa kwa taabu. Akaonja ya karanga, akaonja ya sukari nguru, akarudia ya mapera. Beverly alipokataa kumwongeza, akavuka barabara, akaingia kwa wauza chang'aa. Jioni alirudishwa kwa bodaboda, amefungwa kwa leso mgongoni mwa dereva kama mtoto mchanga. Vijana walicheka njia nzima. Lusweti alijaribu kucheka nao, akashindwa.

Tangu hapo Hezekiah hakushikika. Miwa ikamngoja shambani, panga likashika kutu.

Lusweti aliposikia kwamba Pascalia anafungasha, alikwenda mbio. Alimkuta akikunja sare za watoto, na Hezekiah ameketi kizingitini, kichwa kimemlemea kama mzigo wa kuni.

"Shemeji, tafadhali usiende," alisema. "Mimi nilikuwa natania tu. Glasi yenyewe ilikuwa ndogo, tamu kama soda. Nani angejua utani utafika hapa?"

Pascalia alifunga begi, akamshika mkono mtoto mdogo, akamtazama Lusweti bila chozi.

"Mzaha mzaha hutunga usaha, shemeji. Mzaha ulikuwa wako. Usaha umeniachia mimi."