Kifaru Aliyetaka Mgongo Mtupu

Hapo zamani za kale, sogeeni karibu wajukuu zangu, wanyama wote walikunywa maji ya kisima kimoja. Ah, siku zile! Asubuhi ungesikia chubwi, chubwi, na salamu kila upande. Nikizikumbuka, moyo unaniuma.

Mwenye kukichimba alikuwa Kifaru. Kila kiangazi alichimbua mchanga kwa pembe yake, kubu! kubu! mpaka maji yatoke, na hakuwahi kunywa kabla ya watoto. Nguvu alikuwa nazo, macho ndiyo hakuwa nayo. Kwa hiyo alimbeba mgongoni Bi Zuwena, ndege mdogo mla kupe, amwonyeshe njia.

"Kushoto, kaka! Shimo hilo!"

Bi Zuwena alilinda pia mayai ya Kanga pale kisimani. Nguchiro akinyemelea tu, "Chee! Mwizi!" Basi Nguchiro hukimbia na njaa yake.

Siku moja Bi Zuwena alikwenda kulisha makinda wake. Nguchiro akamjia Kifaru.

"Shikamoo, mfalme wetu."

"Marahaba. Mfalme nani?"

"Lo! Hujui? Wote wanasema kile kiti cha jiwe, juu ya korongo, ni chako. Ila..."

"Ila nini? Sema!"

"Wanacheka. Mfalme gani huyo anaambiwa kushoto, kulia, kama punda wa sokoni?"

Kifaru hakula siku ile. Kumbe miaka yote ya kuchimba, kiti kile alikuwa akikitamani kimoyomoyo.

Kesho yake akasema, "Zuwena, shuka. Leo natawazwa, sitaki mtu mgongoni."

"Nani atakuonyesha njia, kaka?"

"Nguchiro."

"Nguchiro! Huyo anataka mayai, hakutaki wewe!"

"Shuka, nimesema!"

Bi Zuwena akaruka, machozi yanamtoka.

Nguchiro akamfikisha Kifaru karibu na ukingo wa korongo. "Ngoja hapa, mtukufu, nikawaite wapiga ngoma."

Mbio mpaka kisimani! Leo hakuna wa kupiga kelele. Mayai yote, kwacha! kwacha! Yakabaki maganda.

Kifaru akasubiri. Jua likapanda, ngoma kimya.

"Nguchiro! Kiti kiko kushoto au kulia?"

Akaona haya kusimama pale kama aliyepotea. Akainua mguu kwa madaha.

Gubu! Gubu! Gubuuu!

Bi Zuwena alisikia kishindo, akaja mbio mpaka chini korongoni, alikoangukia Kifaru. Akatua mgongoni, mahali pake palepale.

"Zuwena? Ni wewe?"

"Ni mimi, kaka."

"Kisimani... ni kushoto au kulia?"

"Mbele moja kwa moja, kaka. Tumeshakaribia."

Hakuwahi kumdanganya ila mara ile moja, na Kifaru akafumba macho ametulia.

Kiangazi kilichofuata mchanga ukakifukia kisima, na hakuna aliyeweza kukichimbua tena. Kila mnyama akaenda kutafuta maji yake peke yake, mpaka leo.

Mimi nimefika ukingoni, naishia hapa. Nanyi wajukuu zangu shikeni hili: anayekusifu ili umfukuze rafiki yako, huyo hakutakii mema.