Matundu Saba kwa Hatua Mia

Bi Salme alikuwa mlengaji hodari, ila macho yake yalikuwa yameanza kumtupa mkono. Bila darubini asingejua risasi zake zimepiga wapi, na mashindano yalikuwa Jumapili. Muuzaji alikuwa mmoja tu, Bwana Makungu, naye alikuwa amepanga mbili mezani pale kwenye uwanja wa shabaha, zimelingana urefu.

"Hii ya laki ni ya kuchezea watoto," alisema. "Kwa hatua mia huoni hata tundu moja. Chukua ya milioni."

"Na ikionyesha?"

"Ikionyesha, nakupa bure!"

Walengaji waliokuwa wamekaa mbali kidogo wakacheka.

"Haya, nenda uwaite wale waje waone darubini ya maana," alisema Bi Salme. "Mimi naifunika, vumbi lisiikwaruze."

Makungu aliporudi na watu, aliikuta imeviringishwa kanga, kimebaki kioo tu. Akainama, akafumba jicho moja, akachungulia shabaha ya hatua mia.

"Mnasikia? Matundu saba, na moja limegusa mstari mwekundu! Hiki ndicho kioo!"

"Una hakika?"

"Kama ninavyoviona vidole vyangu!"

Bi Salme akaifungua kanga taratibu, akaitia kwapani darubini ya laki.

"Ahsante, Bwana Makungu. Jumapili njoo unishangilie."