Sahani ya Bi Mize

Sogeeni, mlioshiba na mnaosubiri kupakuliwa.

Palikuwa na Mwanaheri, aliyependa kupika kuliko kula. Jirani yake Bi Mize, bibi kipofu, alimletea mihogo ya nazi kwenye sahani ya bati. Sahani ya jirani hairudi tupu, nanyi mnajua. Lakini wiki ile Mwanaheri alianza kuuza chakula barazani kwake, sahani zikampungukia, akaitumia ile ya bibi.

Akampakulia mteja pilau. Sahani ikajipindua, pilau chini. Akapakua wali wa samaki, ikajipindua. Akapakua biriani, ikajipindua, kisha ikabingirika mtaani ikilia kwanga, kwanga, wateja wakitazama. Mwanaheri akaikimbiza, akaikamata mlangoni kwa Bi Mize.

Bibi akatoka akipapasa ukuta.

"Ni wewe, mwanangu? Tangu juzi sijabandika chungu. Nikasema, Mwanaheri hawezi kunisahau."

Akanyoosha mikono yote miwili, kama mtu anayepokea sahani iliyojaa.

Mimi hadithi hii huniishia hapo, wenzangu. Nami nina sahani ya mtu kabatini.